Ushuhuda wa Bumala

Scovia alikuwa ameuvuka mpaka wa Busia mara nyingi kuliko alivyouvuka mlango wa kanisa, lakini hakuwahi kuuvuka kwa kuagwa. Safari hii aliagwa. Kanisa lao la Sop Sop, upande wa Uganda, lilichagua watu kumi na mmoja kwenda misheni ya siku tano ng'ambo, na ng'ambo yenyewe ilikuwa Bumala, upande wa Kenya, mahali ambapo mtu akiondoka Sop Sop alfajiri anafika kabla ugali wa mchana haujaiva. Hata hivyo, nchi ya watu ni nchi ya watu. Walishonewa sare za kitenge cha buluu, wakawekewa mikono vichwani, wakapigwa picha mbele ya madhabahu, na akina mama wakalia. Loy, rafiki yake ambaye hakuchaguliwa, alimvuta pembeni.

"Min Oboth, mbona mnaliliwa kama mnakwenda Ulaya? Si ni kule ulikokuwa unabeba sabuni?"

"Sasa nabeba Neno."

"Ni zito kuliko sabuni?"

"Halikamatwi na askari," akasema Scovia, na wote wawili wakacheka mpaka wakakemewa.

Kwao mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Scovia alikuwa Min Oboth, mama yake Oboth, na ndani ya jina hilo mlikuwamo uongo wa miaka ishirini na minne. Oboth hakuwa wa kwanza.

Mwaka wa tisini na nane, akiwa na miaka ishirini, Scovia alikuwa mchukuzi wa magendo pale Busia. Alipita njia za panya na katoni ya sabuni kichwani, akienda na kurudi, mara sita kwa siku. Alipanga chumba kimoja na Lillian, mwanamke wa Kisamia kutoka kijiji kilicho nyuma ya Bumala, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni. Lillian alikuwa na mume aitwaye Mukhwana, mkata miwa wa mbali aliyerudi nyumbani Krismasi na Pasaka, na alikuwa na miaka saba ya ndoa bila mtoto. Scovia hakuwa na mume, na alikuwa na mimba ya utingo wa lori aliyeondoka na lori lake akielekea Kigali. Mtoto alizaliwa chumbani humo, juu ya magunia, Lillian akiwa mkunga. Alikuwa msichana. Scovia alimnyonyesha miezi mitatu. Kisha habari ikaja kutoka nyumbani kwamba watu wa Oketcho wameleta ng'ombe wa posa na wanataka kumwona bibi harusi.

"Nitamchukua mavuno yakitoka," alimwambia Lillian.

Lillian alimfunga mtoto mgongoni, akarudi kwao, akasema amejifungulia Busia. Mukhwana alichinja kondoo dume. Mtoto akaitwa Annet. Mavuno yalitoka mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mingine mingi baada ya hapo.

Scovia hakupotea kabisa. Kila mwaka baada ya kuvuna wimbi, yaani ulezi, alipakia kidogo kwenye mfuko, akamuaga mumewe Oketcho kwamba anakwenda kumwona rafiki yake wa zamani wa biashara, akavuka. Lillian alimpokea kwa sharti moja, alilolisema mara moja tu, wakiwa wanapepeta karanga: "Utakula hapa, utalala hapa, utamwona. Siku utakayofungua mdomo, wewe huna mtoto na mimi sina."

Basi akawa Shangazi wa Uganda. Alimsuka Annet nywele, akamfundisha kusonga ugali wa wimbi, akachekwa Kiswahili chake. Annet alipenda kumwiga mbele ya wenzake, mkono kiunoni: "Hii mtoto nasumbua sana!" Scovia alicheka pamoja nao. Siku mbili au tatu kwa mwaka, kwa miaka ishirini na minne. Ukizijumlisha hazifiki miezi mitatu aliyomnyonyesha.

Mukhwana alikufa, na miaka miwili iliyopita Lillian akamfuata. Annet, aliyekuwa ameolewa Nambale na kurudi, alibaki peke yake kwenye boma, juu ya ekari mbili na nusu ambazo barabara ya lami ilikuja kuzigusa ubavuni. Alilima karanga na muhogo, akajenga kibanda cha duka kando ya lami. Egesa, mdogo wake Mukhwana, alipita pale kila siku akikitazama kile kibanda kama mtu anayetazama sahani ya mwenzake. Alinung'unika kwamba binti harithi. Lakini sheria ya Kenya inamrithisha binti, na Annet alikuwa mtoto pekee wa Mukhwana, kwa hiyo Egesa hakuwa na pa kushika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa sare za buluu ziliposhonwa.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu walokole wa kwetu, kwa sababu msomaji wa mbali anaweza kudhani Scovia alirukwa na akili. Kwao dhambi iliyotubiwa chumbani haijatubiwa. Hutolewa nje kama godoro lenye kunguni, ikaanikwa juani, majirani wakaiona. Wanaita kuweka nuruni. Na haisemwi kwa mafumbo: unataja mwaka, unataja mahali, unataja jina. Mchungaji wao Olweny mwenyewe, alipookoka akiwa kijana, alitembea kwa miguu hadi Nabuyoga kumwambia mtu mmoja kwamba ndiye aliyeiba baiskeli yake, na kumwambia mwingine kwamba alilala na mke wake. Alikisimulia kisa hicho mara nyingi, kama mtu anayeonyesha kovu la vita, na waumini waliitikia kwa haleluya. Aliyeibiwa baiskeli alimsamehe. Yule mke alirudishwa kwao siku hiyo hiyo akiwa na jicho moja limefumba. Sehemu hiyo haikuwamo katika ushuhuda.

Scovia alikuwa ameokoka kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametubu vitu vidogo vidogo. Wivu. Hasira. Sabuni.

Bumala waliwekwa katika darasa la shule ya msingi, kwa kuwa watoto walikuwa likizo. Siku tatu walizunguka nyumba kwa nyumba, wawili wawili. Watu waliwapa viti, wakawapa maji, wakawasikiliza kwa adabu, wakasema asante. Hakuna aliyeokoka. Bumala ina makanisa mengi kuliko vinyozi. Paddy, mpiga gitaa wa timu, kijana mwenye bidii, alimkuta mzee mmoja akinoa jembe, akamweleza njia ya wokovu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mzee akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu, wewe ni wa nne kuniokoa mwaka huu. Keti upumzike."

Asubuhi ya siku ya nne Olweny aliwakusanya darasani, wakaketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Alikuwa mtu mkavu, mnyoofu, asiyependa makuu. Sahani yake aliosha mwenyewe. Wala hakupaza sauti.

"Ndugu zangu, Mungu hajanyamaza bure. Kuna kitu kimefukiwa katikati yetu. Leo ni siku ya soko, na jioni tunafunga misheni kwa krusedi ya hadhara. Atakayekifukua ni nani?"

Wakaanza. Paddy alitubu kwamba alikula kipande cha kuku kilichowekewa mchungaji. Watu walitaka kucheka, ila Olweny aliitikia kwa uzito ule ule. Mwanamke anayeimba sauti ya kwanza alitubu kwamba amemchukia mwenzake wa sauti ya kwanza tangu Pasaka. Mduara ukaenda, ukamfikia Scovia.

Alikuwa amelala siku tatu umbali wa dakika ishirini kutoka kwa Annet. Hakuwa amekwenda kumwona. Alijiambia kwamba ni kwa sababu ya kazi ya Bwana. Ukweli ni kwamba tangu Lillian azikwe, sharti lile lilikuwa limebaki bila mlinzi. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Akifa yeye, Annet atakuwa hakuzaliwa naye kamwe.

"Mimi nilizaa mtoto," akasema, "kabla ya Oboth."

Alisema yote. Alisema na jina la Annet. Olweny alifumba macho muda mrefu.

"Hii si ya darasani, dada. Hii ni ya sokoni."

"Mchungaji, mtoto yuko hapa karibu. Hajui."

"Ndiyo maana tumeletwa Bumala na si mahali pengine."

"Naweza kusema bila jina?"

"Ushuhuda usio na jina ni hadithi," akasema Olweny, kwa upole. "Lakini mimi sikulazimishi. Ni kati yako na Bwana."

Na ni kweli, hakulazimishwa. Huu ndio mfupa ambao Scovia amekuwa akiutafuna tangu siku ile. Alikuwa na saa zote za mchana za kukataa. Alikaa chini ya ukuta wa darasa akichambua mchele wa timu, na katika kuchambua kwake aliona picha moja tu: umati unapasuka, na Annet anapita katikati yake akija jukwaani, analia, anamwita Mama. Hakumwona Egesa. Hakuona ekari mbili na nusu. Alikuwa amesahau kwamba mtoto ana maisha.

Jioni soko lilikuwa limejaa. Jukwaa lilikuwa tela la trekta, na spika mbili zilifungwa juu ya nguzo kuelekea pande mbili, moja ikitazama stendi ya bodaboda na moja ikitazama barabara. Baada ya nyimbo Scovia alipewa maikrofoni. Alisema kwa Kiswahili chake cha mpakani, na Kiswahili hicho kilisikika hadi kwenye mabucha.

"Mimi naitwa Scovia, bibi ya Oketcho, natoka Sop Sop. Mwaka ya tisini na nane nilizaa mtoto Busia. Nikatupa. Sikutupa kwa choo, nikatupa kwa mama moja anaitwa Lillian, bibi ya Mukhwana, wa hapa hapa nyuma. Yeye akasema ni yake. Akadanganya mzee yake mpaka mzee akakufa. Na mimi nikakubali, kwa sababu nilitaka ndoa. Hii mtoto iko hapa. Inaitwa Annet. Annet, mama yako ni mimi. Yesu nisamehe, na wewe nisamehe."

Kisha mwendesha bodaboda mmoja akauliza kwa sauti, "Annet gani? Wa Mukhwana, wa duka?" na mwingine akajibu, "Si ndiye! Wee! Noma!" Simu kadhaa zilikuwa zimeinuliwa. Olweny alichukua maikrofoni huku machozi yakimtoka, akauliza nani mwingine amechoka kuficha. Mwanamke mmoja alijitokeza, akafuatwa na wanaume wawili, kisha kundi. Walikuwa kumi na wanne. Timu ilimbeba Scovia juu juu, Paddy akicheza gitaa kama mtu aliyepagawa. Annet hakuwamo katika umati. Alikuwa shambani aking'oa karanga. Aliyekuwamo ni Egesa, aliyekuja kununua kamba ya ng'ombe. Hakupiga makofi wala hakutikisa kichwa. Alimgusa bega kijana mwenye simu, akamwomba amtumie ile video.

Kesho yake asubuhi, kabla ya timu kuondoka, Scovia alikwenda kule bomani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alibisha.

"Hodi. Annet?"

Akabisha tena.

"Annet hayupo," sauti ikajibu kutoka ndani. Ilikuwa sauti ya Annet.

Alisimama pale hadi basi la timu lilipopiga honi barabarani.

Sop Sop waliwapokea kwa ngoma. Watu kumi na wanne! Misheni ya kwanza ya kanisa lile ng'ambo, na tayari watu kumi na wanne. Scovia alivishwa taji la maua ya bogenvilea. Oketcho hakuja kanisani. Scovia alimkuta nyumbani anatengeneza mpini wa jembe la ng'ombe, na hakuinua macho.

"Nimesikia," alisema.

"Baba Oboth, nilitaka kukuambia—"

"Miaka ishirini na minne umelala ubavuni mwangu. Wauza nyama wa Bumala wameambiwa kwa spika, mimi nimeambiwa na mtu wa bodaboda." Akakata kidogo, akaangalia kama mpini umenyooka. "Chakula changu Oboth ataniletea."

Hakumfukuza. Hakumpiga. Alihamia kwenye nyumba ndogo ya zana, na huko yuko mpaka leo.

Baada ya wiki tatu, mchana, Scovia akiwa uani anaanua nguo, mwanamke aliyevaa koti la mvua aliingia langoni akiwa na mfuko mdogo. Scovia aliangusha shuka. Annet hakuwahi kufika Sop Sop maishani mwake.

"Karibu, mwana... karibu. Keti. Nikuletee maji."

"Sikai." Annet alibaki amesimama. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekosa usingizi kwa siku nyingi. "Na nakuomba, usinijibu kitu ambacho sijakuuliza."

"Sawa."

"Egesa amepeleka ile video kwa naibu wa chifu. Anasema mimi ni mtoto wa kuokotwa. Anasema mama alimdanganya baba, kwa hiyo sina haki hata ya kaburi pale. Tayari amelima mpaka mlangoni. Kibanda ameweka kufuli yake. Wenye kunikopesha unga wananiita Mganda. Jana kuna mtoto wa shule amenipita akaimba yale maneno yako."

"Mungu wangu."

"Mwache Mungu. Alhamisi kuna baraza. Utakuja, utasema ulidanganya."

Scovia alikaa chini, juu ya shuka lile lile.

"Annet, mimi ni mtu wa kuokoka. Niliweka nuruni. Nitasimamaje niseme—"

"Uliposimama Bumala uliniuliza?"

"Hapana."

"Ulifikiri ningefanya nini?"

Scovia hakuweza kusema alichofikiri.

"Mama yangu ni Lillian," Annet alisema, akitamka neno moja moja. "Alinifulia, alinipeleka shule, alinizikia mtoto wangu wa kwanza. Mimi sikuja hapa kutafuta mwingine. Kama kuna kitu cha kujua, sitaki kukijua. Nataka shamba la baba yangu. Utakuja au huji?"

"Kula kwanza. Hata chai."

"Utakuja?"

"Nitakuja."

Annet alifunga koti lake akaenda. Hakuaga, na Scovia hakuthubutu kumsindikiza.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Olweny. Alimkuta anapanda kabichi. Alimweleza. Mchungaji alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole.

"Unaniomba nikuruhusu kusema uongo."

"Nakuomba unisaidie, Mchungaji. Anafukuzwa."

"Ukweli una gharama. Mimi pia nililipa."

"Wewe ulilipa nini?" Scovia aliuliza, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Yule mama wa Nabuyoga ndiye alilipa."

Kwa mara ya kwanza Scovia alimwona akitafuta neno na kulikosa. Kisha alilipata, na halikuwa la mtu mbaya.

"Kuna watu kumi na wanne, dada. Wamesimama juu ya neno lako. Ukiliondoa, wasimame juu ya nini?"

Swali hilo analo hata sasa.

Alhamisi alivuka. Barazani, mbele ya ofisi ya naibu wa chifu, watu walikuwa wengi kuliko viti. Naibu alikuwa mama mnene mwenye kofia ya kazi na kalamu mbili mfukoni. Egesa aliketi mbele, ameshikilia simu kama mtu aliyebeba yai. Annet aliketi upande wa pili, peke yake. Video ilichezwa. Sauti ya Scovia ilitoka ndogo, kama ya nzi chupani.

"Mama, huyu ni wewe?" naibu aliuliza.

"Ni mimi."

"Na huyu Annet ni mtoto wako?"

"Hapana."

Watu walivuma. Naibu aliinua kalamu.

"Basi mbona ulisema?"

"Tulikuwa tumekaa siku tatu, hakuna mtu naokoka," alisema Scovia. Alikuwa amejifunza maneno hayo njia nzima. "Mchungaji alitaka ushuhuda nzito. Kila mtu alitoa yake, mimi sina kitu. Nilijua Lillian toka zamani, nilijua mtoto yake. Basi nikatengeneza."

Kisha mzee mmoja nyuma alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Si niliwaambia? Watu wa krusedi! Mwaka jana mwingine alisema alikuwa jini!"

"Mwingine alikufa siku tatu!"

"Alikufia wapi?"

"Kisumu!"

"Kufia Kisumu ni rahisi, jaribu Bumala!"

Baraza zima liliangua kicheko. Walimcheka Scovia, uso wake, kitambaa chake, Kiswahili chake, na katika kumcheka wakamwamini. Hakuna aliyewahi kumwamini haraka hivyo alipokuwa akisema kweli. Egesa alisimama, simu mkononi.

"Anadanganya sasa, si siku ile!"

"Mzee Egesa," naibu alisema, "mtu akikuambia yeye ni mwongo, utaanza kumwamini wapi? Mimi naandika alichosema mbele yangu. Marehemu Mukhwana alimtambua mtoto wake mpaka anaingia kaburini. Wewe ulikuwa wapi miaka hiyo yote? Ulikula ule mnofu wa kondoo au hukula?"

"Nilikula, lakini—"

"Ulikula."

"Basi aape! Si ni mlokole? Aape kwa Biblia!"

Biblia iliazimwa kutoka kwa muuza mitumba. Scovia aliweka mkono juu yake. Jalada lilikuwa la moto kwa jua. Alimtazama Annet, na Annet alikuwa akitazama chini.

"Huyu sikuzaa mimi. Mimi nilizaa vijana wanne, na wa kwanza ni Oboth."

Naibu aliandika, akamgeuzia karatasi, Scovia akaweka sahihi. Kufuli ya Egesa iliamriwa itolewe kabla jua halijazama. Kisha naibu akamwuliza Annet kama ana neno kwa huyu mgeni aliyemchafulia jina.

Annet alisimama. "Nimemsamehe," alisema. "Lakini asikanyage tena kwetu."

"Ni haki yake," watu walisema, na wengine wakapiga makofi.

Scovia aliondoka kwa miguu mpaka stendi. Hakujua, na hatajua, kama maneno yale yalikuwa ya masikio ya baraza au yalikuwa yake. Kuuliza kungekuwa kukanyaga.

Habari ilivuka mpaka kabla yake. Jumapili Olweny alimwita mbele. Alikuwa amezeeka katika juma moja. Watu wa Bumala walikuwa wamempigia simu, tisa kati ya wale kumi na wanne wamerudi nyuma, mmoja wao akidai toba aliyoitoa irudishwe.

"Dada Scovia, ulisema jambo sokoni, ukasema jingine barazani. Moja ni uongo. Lipi? Weka nuruni, na leo leo tutakukumbatia."

Alikuwa amelifikiria. Akisema alidanganya sokoni, atakuwa amemdanganya Mungu mara ya pili, na hilo huenda angeliweza. Lakini walimjua. Wangemtazama machoni wakaona, wangeuliza tena, wangeomba pamoja naye, wangelia, na yeye ni mtu wa kulia pamoja na wanaolia. Akisema alidanganya barazani, Paddy ana namba ya mwenye simu wa Bumala, na Egesa angejua kabla ya chakula cha mchana.

Akanyamaza. Walimvua sare. Hayumo tena kwayani, hapokei meza ya Bwana, anaketi benchi la nyuma pamoja na wanaochelewa. Loy, ambaye sasa amechaguliwa kwenda misheni ijayo, alimjia kisimani wiki jana.

"Sema lolote, Min Oboth. Chagua moja, hata ufumbe macho. Ukifa leo, nani atakuimbia?"

"Mtanizika kimya."

"Hivi unamlinda nani?"

Scovia alijitwisha mtungi wake, akashika njia.

Kila Jumapili, kabla ya mahubiri, Olweny anauliza kama kuna mwenye neno la kuweka nuruni. Wengine husimama na wivu wao, hasira zao, kuku waliokula. Wakimaliza, mchungaji hutazama benchi la nyuma. Haulizi kwa ukali. Anauliza kama mtu anayemshikilia mwenzake mlango.

"Scovia?"

Anasimama, kwa sababu kuitikia ukiwa umeketi ni kukosa adabu.

"Sina neno, Mchungaji," anasema, kisha anaketi.